Tukikaa Nyumbani, Tusisahauane

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja: wakati wa maradhi makubwa, mtu akitakiwa kukaa nyumbani, afanyeje asikate tamaa? Sisi si madaktari. Tutasema yale tuliyoyapitia.

Mnakumbuka mwaka 2020, sivyo? Tarehe 13 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa hapa Kenya. Kabla mwezi haujaisha, shule zilifungwa, makanisa na misikiti vilevile, na kafyu ikaanza tarehe 27. Soko letu nalo likafungwa. Kikundi chetu, akina mama ishirini tuliokutana kila Alhamisi, kikaacha kukutana.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulisema, "Tungoje yapite." Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Watoto wako nyumbani kutwa, vijana wa mahotelini wamerudi bila kitu, na redio inasoma idadi ya wagonjwa kila siku. Wengine wetu tuliisikiliza mpaka usingizi ukatukimbia.

Mwenzetu mmoja, mjane anayeuza sukuma wiki, hakuonekana. Mwezi wa Juni wawili wetu tulikwenda kwake, tukasimama uani na barakoa zetu. Jiko lilikuwa baridi. Ukutani ameandika kwa makaa hesabu ya michango ambayo hajalipa. Akatuambia, "Nilijua mmenitoa kwa ajili ya deni." Kumbe hakuna aliyemtoa! Lakini pia hakuna aliyemwambia hivyo. Korona haikuingia kwake, ila upweke ulikuwa karibu kummaliza.

Siku hiyo tuliamua kwamba kukaa mbali si kuachana. Tukafanya haya:

1. Tuligawana wawili wawili. Kila mtu alimjulia hali mwenzake kila siku, kwa simu au kwa kuita kutoka nje ya ua. Asiyeitika alitembelewa siku hiyohiyo.

2. Tulisimamisha madeni. Aliyeweza alimtumia mweka hazina shilingi 50 kwa simu, maana wakati ule ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa. Asiyeweza hakuulizwa.

3. Kila nyumba ilipanga siku yake. Asubuhi ni shamba, mchana mtoto mkubwa anamfundisha mdogo, jioni ni hadithi. Habari za redio ni mara moja tu kwa siku.

4. Kila mlangoni tuliweka mtungi wa maji uliotobolewa tundu, pamoja na sabuni. Watoto ndio waliopewa kazi ya kuujaza, na waliona fahari.

Je, haya yalileta unga? Si mwingi. Njaa ilikuwapo, na wengine wetu tulizika wapendwa wetu kwa haraka, watu wachache tu kaburini. Hatutawadanganya kwamba tumaini linajaza sufuria. Lakini hakuna mwingine aliyelala akidhani amesahauliwa. Hata makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, kwa watu 100 na kwa saa moja tu, wazee waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Basi tuliwaongeza katika zile wawili wawili zetu.

Yule mama alimaliza kulipa mwaka 2021, akaukandika ukuta wake udongo mpya.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na wengi wetu tumeanza kusahau. Lakini maradhi mengine yaweza kuja. Hebu msingoje kama sisi. Mkirudi kwenu pangeni wawili wawili mapema, wakati bado mnaweza kukaa pamoja chini ya mti mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni nani kati yetu hajaonekana mwezi huu? Nani atakwenda kwake?
- Mwanachama akishindwa kulipa, anajuaje kwamba bado ni mwenzetu?
- Tukifungiwa nyumbani kesho, habari zitatufikiaje sote?