Kusoma Kiingereza si Kukitamka

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi na sekondari waliokuwa katika mafunzo kazini.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kusoma Kiingereza. Kazi yangu mimi ni gazeti, si ubao na chaki. Lakini mwandishi naye huishi kwa kusomwa, na asiyejali kama anaeleweka anamaliza wino bure. Kwa hiyo naomba mnivumilie.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara, na Kiingereza ni somo miongoni mwa masomo. Mtoto anapoingia kidato cha kwanza mambo hugeuka: baiolojia, jiografia, hisabati, vyote humjia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Mwaka 1984 Serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Mwaka huo huo uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Sikuja kuufufua mjadala huo, ingawa maoni yangu ninayo. Nimekuja kumzungumzia mtoto aliyeketi darasani asubuhi ya leo, ambaye hawezi kungoja wakubwa wamalize kubishana.

Mtoto huyo haji mikono mitupu. Amekwisha jifunza ba, be, bi, bo, bu. Anajua kwamba herufi zina sauti na kwamba maandishi yana maana. Ujuzi huo haufundishwi mara mbili. Tatizo ni kwamba herufi za Kiswahili ni waaminifu, na za Kiingereza si waaminifu hata kidogo. Tazameni herufi nne, o-u-g-h. Katika "though", "through", "cough" na "enough" zina sauti nne mbalimbali! Mtoto aliyezoea uaminifu wa Kiswahili akilitamka neno kama lilivyoandikwa, hakosi kwa ujinga, bali anafuata kanuni aliyofundishwa. Basi aanzishiwe maneno yanayotii, kama "pin", na yale makaidi ayazoee kwa kuyaona mara nyingi ndani ya sentensi.

Hata hivyo, kutamka si kusoma. Sote tumepita katika madarasa ambamo mwalimu husema na darasa zima huitikia kwa sauti moja, na mgeni akipita nje husema watoto hawa wanajua Kiingereza. Fungeni vitabu, kisha muulizeni mmoja wao, kwa Kiswahili, ni nani aliyekwenda mtoni na kwa nini. Hapo ndipo mtajua kama alikuwa anasoma au alikuwa anaimba.

Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Aligundua kwamba watoto wa wahamiaji huweza kuzungumza Kiingereza vizuri baada ya kama miaka 2, lakini huhitaji miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao katika lugha ya masomo. Na hao ni watoto wanaokisikia Kiingereza dukani, barabarani na uwanjani. Wetu wengi hukisikia katika kipindi kimoja, kisha kengele ikalia.

Lugha ya masomo ina hila zake. Mtoto anajua "table" ni meza. Katika hisabati anaambiwa ni jedwali. Anajua "work" ni kazi. Lakini katika fizikia mtu akisukuma ukuta kutwa nzima usisogee, hajaufanyia ukuta huo "work" hata chembe. Yako pia maneno madogo kama "unless" na "although", ambayo walimu wengi huyapita haraka kwa kuwa si msamiati wa sayansi. Mtoto akiruka "unless" ameelewa kinyume cha kanuni, na katika mtihani atajibu kinyume hicho kwa uhakika kabisa.

Dawa yake kwa sehemu kubwa imo katika Kiswahili chenyewe. Kitabu kikisema maji "is heated", mtoto hutafuta aliyeyapasha moto asimwone. Mwonyesheni -wa ya Kiswahili: maji hupashwa moto. Kikisema "growth" badala ya "grow", mkumbusheni kua na ukuaji. Chukueni neno usanisinuru: ndani yake mna usanisi na nuru, kazi ya kuunda kwa mwanga. "Photosynthesis" nalo limejengwa vivyo hivyo kwa maneno ya Kigiriki. Mtoto aliyelielewa la kwanza amekwisha elewa nusu ya la pili.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia kwamba ziko shule zinazomvika kibao shingoni mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiswahili. Mtoto huyo hajifunzi Kiingereza, anajifunza kunyamaza. Na aliyenyamaza hubakiwa na kunakili ubaoni, kazi ambayo haihitaji kuelewa lugha yoyote.

Wazungumze kwanza kwa Kiswahili juu ya habari watakayoisoma. Mwalimu aisome kwa sauti, taratibu. Kisha wapewe mwanzo wa sentensi, kama "I think", wamalizie wenyewe, hata kwa makosa. Na mwalimu wa sayansi wa sekondari asiseme lugha ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Maneno ya somo lake ni yeye anayeyajua.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanikimbia. Limebaki la kabati. Katika shule nyingi vitabu vyepesi vya hadithi vimo, lakini vimefungiwa visichakae, na ufunguo anao mwalimu mkuu ambaye ameitwa mkutanoni wilayani. Naomba ufunguo huo uachwe kwa mwalimu wa zamu, na kila mtoto aondoke Ijumaa na kitabu kimoja, jina lake likiandikwa daftarini. Nasimama hapo tusikie maswali.