Tuwashike Mkono Vijana Wetu Katika Utafiti wa Sayansi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi)



Tumefundishwa kumwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu. Lakini elimu ya utafiti haipatikani vitabuni peke yake. Hupokelewa kwa mwenye kuijua. Kijana wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu hana wa kumwuliza jinsi jaribio linavyopangwa wala jinsi makala ya kitaalamu inavyoandikwa. Wengi huishia njiani kwa upweke, wala si kwa uhaba wa akili.

Upweke huo aliuonja Profesa Abdus Salam. Mwaka 1951 alirejea Lahore, Pakistan, kutoka Cambridge, akafundisha hisabati. Hakuwa na wenzake wa kushauriana nao katika fizikia. Badala ya kuhimizwa kutafiti, alikabidhiwa timu ya mpira wa miguu aisimamie. Mwaka 1954 akaondoka ili elimu yake isife.

Hata hivyo, hakutosheka kujiokoa peke yake. Mwaka 1964 alianzisha mjini Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia. Mtafiti wa nchi maskini alialikwa huko kwa muda mfupi, mara kadhaa katika miaka kadhaa, akakaa na mabingwa, kisha akarudi kuwafundisha watu wake. Hivyo hakulazimika kuchagua baina ya nchi yake na elimu yake. Salam mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, na aliendelea kukiongoza kituo hicho. Mwaka 2018 taasisi mshirika wake ilifunguliwa Kigali, Rwanda, karibu kabisa nasi.

Ndugu zangu, sisi hatuna uwezo wa kujenga Trieste. Lakini miongoni mwetu wamo madaktari, wahandisi na walimu. Kila mmoja na achukue wanafunzi wawili: awaulize maendeleo yao kila mwezi, awapeleke waione maabara, awasomee barua zao za maombi ya chuo. Na mabinti wasisahauliwe. Binti anayeacha fizikia baada ya kidato cha pili kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa anaweza, huyo ni dhima yetu, na tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitekeleza amana hii. Amin.