Chuma Kilichomo Mfupani: Kitolewe au Kiachwe?

(Maneno ya hotuba kwa wakazi wa Kayole, Nairobi)



Mtu akisimama asubuhi kando ya Spine Road, hapa Kayole, kwa muda wa nusu saa tu, hakosi kumwona kijana anayechechemea, au mama mwenye kovu refu juu ya kifundo cha mguu. Mmoja aliangushwa na bodaboda, mwingine aligongwa na matatu, mwingine alianguka kutoka jukwaa la ujenzi wa maghorofa. Wengi wa watu hao walipelekwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au Hospitali Kuu ya Kenyatta, wakapasuliwa, na mifupa yao ikaunganishwa kwa chuma. Sasa mfupa umepona, na chuma kingali ndani. Swali lao ni moja: je, kitolewe?

Swali hili si dogo, maana kukitoa chuma ni kupasuliwa mara ya pili. Kuna gharama, kuna majuma ya kukosa kazi, na kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi kwa kazi ya mikono yake, majuma hayo ni mzigo mzito kuliko kisu cha daktari.

Kwanza yafaa ijulikane kazi ya chuma hicho. Chuma hakiponyi mfupa. Mfupa hujiponya wenyewe. Chuma huushika tu usiondoke mahali pake, kama vile miti inavyoegemeza ukuta wa udongo mpaka ukauke. Mfupa wa mkono huunga kwa kadiri ya majuma 6 hata 12. Mfupa wa paja au wa muundi huchukua miezi 3 hata 6, na pengine zaidi. Lakini hata ukiisha kuunga, mfupa huendelea kujitengeneza ndani kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Kwa sababu hiyo daktari hapendi kukitoa chuma mapema. Aliyepasuliwa Januari akaja Juni kutaka bamba lake litolewe, huambiwa arudi nyumbani angoje.

Tena vyuma si vya namna moja. Ziko sindano nyembamba ambazo ncha zake hubaki nje ya ngozi, na viko vyuma vya kushikia mguu kwa nje. Hivyo hutolewa daima, na hapana shauri la kufanya. Shauri liko katika mabamba yanayokazwa kwa skurubu juu ya mfupa, na katika ule msumari mrefu unaopitishwa katikati ya mfupa, penye uboho.

Msumari huo una habari yake. Mtu aliyeufanya ujulikane ni daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, aliyeanza kuutumia mwaka 1939 katika mji wa Kiel. Vita vilipokwisha mwaka 1945, madaktari wa Marekani walistaajabu walipowapiga picha za eksirei askari wao waliorudi kutoka kifungoni Ujerumani, wakaona fimbo ya chuma imelala ndani ya mfupa wa paja, na mwenye paja anatembea. Siku hizi liko shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, katika jimbo la Washington, ambalo huzipa hospitali za nchi zisizo na fedha nyingi misumari inayoweza kutiwa pasipo mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Hospitali kadha za Kenya zimeitumia misumari hiyo, na bila shaka wako watu wa mitaa hii wanaotembea nayo.

Je, chuma kikikaa miaka mingi huharibika? Watu husema kitashika kutu, au kitaleta saratani, au kitavuta radi wakati wa mvua. Maneno haya yasiwatie watu hofu. Chuma cha hospitali si kama cha dirisha. Ni chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, au ni madini ya titani, nayo yametengenezwa ili yakae mwilini. Wako wazee walioishi nacho miaka 30 na zaidi. Radi haimchagui mtu kwa sababu ya skurubu zake. Anayesafiri kwa ndege huenda mashine ya ukaguzi ikalia, naye aonyeshe kovu lake, basi. Na mgonjwa akipelekwa kwenye mashine ya MRI, amwambie mtumishi wake mapema kwamba ana chuma.

Hata madaktari wenyewe hawakuwa na desturi moja. Kwa miaka mingi huko Ujerumani na Uswisi ilikuwa kawaida kukitoa chuma mfupa ukiisha kupona. Huko Uingereza na Marekani huachwa mara nyingi kama hakimsumbui mwenyewe. Desturi hii ya pili ndiyo inayofaa zaidi mahali ambapo vyumba vya upasuaji ni vichache na foleni ya waliovunjika leo ni ndefu.

Ziko sababu za kweli za kukitoa. Usaha ukitoka penye kovu, jambo hilo halingoji: vijidudu hujificha juu ya chuma mahali dawa isipofika vizuri, na mfupa ukiwa umekwisha kuunga, chuma hutolewa. Skurubu ikilegea na kusukuma ngozi, hutolewa. Bamba la kifundo linalosuguliwa na kiatu, au la mtulinga linaloumizwa na mkanda wa mkoba, laweza kutolewa. Watoto nao mara nyingi hutolewa chuma, maana mfupa wao unakua na waweza kukifunika kabisa. Lakini maumivu peke yake, hasa yale yanayokuja wakati wa baridi ya Julai, hayana hakika. Pengine yatoka katika chuma, pengine katika kiungo kilichoumia siku ile ile ya ajali, na mtu akatolewa chuma akabaki na maumivu yake.

Hatari nazo zipo. Skurubu iliyokaa miaka mingi yaweza kukatika kichwa. Bamba la mfupa wa juu wa mkono hupakana na mshipa mkubwa wa fahamu, na mshipa huo ukiguswa vibaya kiganja hulegea. Matundu ya skurubu hubaki matupu kwa miezi kadha, na mfupa waweza kuvunjika papo hapo, hasa mifupa miwili ya kigasha. Kwa hiyo aliyetolewa bamba asibebe mifuko ya saruji kwa majuma 6 hata 12, au zaidi kama daktari atakavyoagiza.

Liko jambo moja ambalo wengi hulidharau: karatasi. Kila kiwanda kina skurubu zake na bisibisi yake. Nyingine zina pembe sita, nyingine zina umbo la nyota. Daktari akifungua mguu pasipo kujua chuma ni cha nani, aweza kukosa chombo cha kukitolea, akaufunga mguu tena. Basi karatasi ya kutoka hospitali, pamoja na picha za eksirei, zisifungiwe sukari wala zisiachwe nyumba inapohamwa. Na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua mahali pa NHIF, yafaa mgonjwa aulize katika ofisi ya bima ya hospitali, kabla ya siku kuwekwa, ni sehemu gani ya gharama atakayoilipa mwenyewe.

Tuseme kijana wa bodaboda wa Soweto, Kayole, ana msumari pajani tangu miaka mitatu. Hana maumivu, hana usaha, anapiga teke pikipiki yake kila alfajiri. Mama yake kijijini asema si vema mtu azeeke na chuma mwilini, naye yu tayari kuuza ng'ombe ili kitolewe. Daktari akiisha kuitazama picha atamwambia amshukuru mama yake, ng'ombe abaki zizini.

Na tuseme jirani yake ni mama anayeuza mboga sokoni, ambaye bamba la kifundo limeinua ngozi hata hawezi kuvaa kiatu kilichofungwa. Ni mwaka mmoja na nusu sasa, na picha yaonyesha mfupa umeunga sawasawa. Huyu ana haki ya kutolewa. Ampate wa kumshikia kibanda chake, achukue karatasi zake za upasuaji wa kwanza, aende kliniki ya mifupa akapangiwe siku.