Sweta Haliishii Kwenye Sindano: Umaliziaji wa Masweta ya Kufuma kwa Mkono Njombe na Makambako

Utangulizi



Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti hakuna anayebembelezwa kununua sweta. Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam na Mbeya hukutana na ya Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Wateja wapo. Ila sweta letu hupangwa jirani na la mtumba, na mteja akilikunjua tu anaona bega moja limepanda, mshono umevuta, ncha ya uzi inaning'inia. Tunafuma vizuri, bei inatupotea kwenye umaliziaji.

1. Kuutambua uzi

Lebo ikiwa imepotea, kata kipande kidogo cha uzi ukichome juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha tone gumu. Uzi wa mchanganyiko uhudumie kama akriliki.

2. Kulaza vipande

Vipande vilazwe, yaani vitandazwe na kubanwa kwa vipimo vyake, kabla ya kuungwa.

Sufu iloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Usisugue: maji ya moto na msuguano hushikamanisha nyuzi, sweta likasinyaa moja kwa moja. Kipande kitoe kwa mikono miwili, kiviringishe ndani ya taulo, kisha kandamiza, usikisokote. Kitandaze juu ya godoro lililofunikwa shuka safi, pima kifua na urefu kwa futikamba, ubane kingo kwa pini zisizoshika kutu. Mapindo ya kiunoni na mikononi yaache yajivute yenyewe. Kwa baridi ya Julai, kukauka huweza kuchukua siku mbili au zaidi. Anayeharakisha kwa kuanika kwenye kamba atapata sweta refu lenye mabega yaliyochongoka.

Akriliki ibane ikiwa kavu, ifunike kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, kisha pitisha pasi ya moto juu kidogo bila kugusa, mvuke ufanye kazi. Pasi ikilala juu yake, uzi hulegea na pindo halirudi tena. Wa pasi ya mkaa wamwage majivu na kufuta kitako kwanza.

3. Kuunga na kuficha ncha

Anza na mabega, ufuate mikono, umalizie ubavu kuanzia pindo hadi kwapani na kushuka mkononi. Tumia sindano butu na uzi uleule, ukishona upande wa nje mstari kwa mstari, ili pande mbili zilingane. Ncha za sentimita 15 zipitishwe ndani ya mshono, kwenda na kurudi. Fundo halitakiwi.

Mapendekezo

(a) Kabla ya oda yoyote, hasa ya masweta ya shule, fuma kipande cha majaribio, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi.

(b) Kila kikundi kiwe na daftari moja la vipimo, ili saizi ya Njombe iwe ndiyo ya Makambako.

(c) Saa za kulaza na kuunga ziingie kwenye bei. Naomba mjadala uanze na hili la tatu, kwa sababu kazi isiyolipwa ndiyo ya kwanza kurukwa oda zikibana.