Sauti ya Diouana



Filamu ninayoizungumzia jioni hii ni La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal. Ilitoka mwaka 1966, na mwaka huohuo ikapata Tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia. Ni ya nyeusi na nyeupe, na haizidi sana saa moja. Mara nyingi wanafunzi huitazama mara ya kwanza kwa adabu tu, kama wanaomwamkia mzee wasiyemfahamu. Mapenzi huja baadaye.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Diouana, binti wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa awe yaya. Anawafuata mabosi wake hadi Antibes, na huko anajikuta anapika, anafua na kusugua sakafu. Ufaransa aliyoiota haivuki kuta za ile nyumba ya ghorofani. Mwishowe anajiua bafuni. Sembène alikipata kisa hiki katika habari ya gazetini, akakiandika kwanza kama hadithi fupi. Sisi ambao mabinti zetu huenda Uarabuni kwa kazi za ndani hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Kinachowasumbua watazamaji wapya ni sauti. Kwa mdomo, Diouana haitikii zaidi ya ndiyo bibi, asante bibi. Lakini tunayasikia mawazo yake, nayo yanatiririka kwa Kifaransa fasaha, ilhali yeye hajui kusoma wala kuandika. Tena sauti hiyo si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona akiigiza. Ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Wengi huihesabu hiyo kuwa kasoro ya filamu changa. Mimi naona ndiyo mlango wa kuingilia.

Tazameni tukio la barua. Barua imetoka Dakar, kwa mama yake Diouana, naye mama hajui kuandika, ameandikiwa. Bwana mwenye nyumba anaisoma kwa sauti. Inamlaumu binti kwa kutotuma fedha wala salamu. Kisha bwana anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu, akimtungia hata maneno ya kusema kwamba ni mzima na anatunzwa vizuri. Mama kasemewa, binti naye anasemewa, na wanaosemewa wote wawili hawana njia ya kukanusha. Diouana anaichukua barua na kuichana. Katika filamu nzima sijui jibu lake jingine lililo wazi kuliko hilo, na halina neno hata moja. Anayeirudia filamu baada ya tukio hili huanza kuisikia ile sauti ya kuazima kwa sikio jingine: hata ndani ya kichwa chake, Diouana amepewa lugha ya waajiri wake.

Nyeusi na nyeupe nayo huanza kusema. Kuta za Antibes ni tupu na nyeupe, na juu yake kimetundikwa kinyago cheusi ambacho Diouana aliwazawadia mabosi wake kule Dakar. Kule kilikuwa kimoja kati ya vingi. Hapa kiko peke yake, na jicho halina pa kukikwepa.

Sembène aliyajua haya kwa mwili wake. Alikuwa mpakuaji mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kuzisoma. Alikwenda Moscow kujifunza sinema akikaribia miaka 40. Mwaka 1968, katika filamu yake Mandabi, wahusika wake walizungumza Kiwolofu, na kisa kikawa tena ni cha mtu asiyejua kusoma, aliyetumiwa hawala ya fedha kutoka Paris.

La Noire de... itaonyeshwa ukumbini humu mara baada ya maswali. Mtakapofika kwenye barua, mwangalieni Diouana tangu bwana anapoanza kusoma, kabla hajainyoosha mikono yake.