Moshi wa Lehemu na Mtoto Wako

Leo tuzungumze juu ya fundi wa redio na simu. Iwe ni Homa Bay au Migori, huenda fundi huyo ni mume wako, naye hufanyia kazi sebuleni huku mtoto akitambaa miguuni pake.

Ule moshi unaouona hutoka kwenye flaksi, dawa inayosafisha waya ili lehemu ishike. Kwa redio na simu, fundi achague flaksi ya utomvu wa msonobari. Ile ya asidi ni ya mabati. Ikibaki ndani ya redio, hula waya. Lakini hata moshi wa utomvu huwasha macho na unaweza kuleta pumu.

Tena, lehemu nyingi ina madini ya risasi. Risasi haipandi sana na moshi. Hubaki mezani, sakafuni na mikononi. Mtoto akitia vidole kinywani, huimeza, nayo hudhuru ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Basi, mama, kazi hiyo ihamie nje, penye upepo, mbali na watoto. Fundi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Lehemu isiyo na risasi ipo. Mwombe ainunue, ila moshi wake bado ni moshi.

Mtoto akikohoa mara kwa mara, au akiumwa tumbo bila kupona, mpeleke kituo cha afya. Usisahau kumweleza daktari kazi inayofanyika nyumbani.