Nyama Tuliyokula Kitengela

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa tueleze habari za ile Jumapili tuliyokwenda kwenye ranchi, huko mbele ya Kitengela. Twaeleza kwa moyo mweupe, maana tumesikia maneno yakipita karakana kwamba watu sita wa tawi hili walilishwa nyama na matajiri, wakarudi midomo imefungwa kwa mafuta. Nyama tulikula. Hilo hatukatai, na ilikuwa tamu. Na mengine sikilizeni.

Waliotualika ni chama cha wafanya biashara ambao mizigo yao hupita kwa gari la moshi. Kila mwaka huchagua siku moja ya kukaribisha wageni kwenye ranchi ya mwenzao, na safari hii walitaka watu wa reli wawepo. Barua ilisomwa mbele ya kamati, na kamati ikakubali kwa sharti moja: nauli tujilipie. Basi tulipanda matatu, tukapita Athi River penye kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission, iliyoanzishwa mwaka 1950, tukafika Kitengela, tukashika njia ya Namanga, halafu barabara ya vumbi.

Ambao hawajapita huko siku nyingi hawataijua nchi ile. Palikuwa na ranchi moja kubwa ya jamaa za Kimasai. Iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye jina akapata kipande chake, na vipande vingi vimekwisha kuuzwa. Sasa ni nyumba na senyenge hata wajiuliza punda milia wa Mbuga ya Nairobi wapitie wapi, ijapokuwa mbuga yenyewe haina ua upande wa kusini. Kwa hiyo ranchi ya ng'ombe iliyobaki nzima imekuwa kitu cha kuonyesha wageni.

Wenyeji walitupokea vyema. Tulipewa chai ya maziwa matupu na viti chini ya migunga, na kila mmoja akatajwa jina. Tulionyeshwa fahali wa Sahiwal, ng'ombe mwekundu ambaye asili yake ni Bara Hindi, anayechanganywa na ng'ombe wa kienyeji ili wapatikane ndama wenye mwili na maziwa. Tulionyeshwa josho. Ng'ombe huingia mmoja mmoja katika ujia mwembamba, akajitupa ndani ya maji ya dawa, akaogelea na kutokea ng'ambo akitiririka. Hufanywa hivyo kila juma kwa sababu ya kupe, maana kupe ndiye aletaye ndigana, na ndigana humaliza ndama wa gredi upesi. Mwenye ranchi ana daftari kubwa: kila ng'ombe na namba yake, tarehe ya josho, tarehe ya sindano, tarehe ya kuzaa. Tuliisifu kazi hiyo, na twaisifu hata leo.

Baada ya kula, mkubwa mmoja wa wafanya biashara alisimama akasema watu wa reli sasa ni rafiki zao, na rafiki hazuii mzigo wa rafiki. Watu walicheka. Nasi tulicheka, kidogo. Ndipo mwenzetu mmoja akajibu kwamba kwa chakula tumeshukuru, na tawi likipata uwezo litawaalika wao waje wale ugali na sukuma wiki kwetu. Lakini mambo ya kazi twapatana na mwajiri wetu, mezani, kwa maandishi, wala hayapatanwi chini ya mgunga. Walipiga makofi. Hatukuona aliyenuna, ni haki tuseme hivyo.

Sasa, wageni walipokuwa wakipiga picha, wawili wetu walirudi joshoni. Walimkuta mzee mmoja mchungaji akijaza hori maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, vijana wangu. Mmekula?"

"Tumekula, mzee. Na wewe?"

"Nitakula ng'ombe wakilala."

Walimwuliza siku yake ya kupumzika ni ipi. Akacheka. "Ng'ombe hupumzika siku gani?" Amefanya kazi pale miaka tisa. Barua ya kazi hana. Akiugua, huja mwanawe kuchunga, na mwana halipwi kitu.

Neno lile lilituchoma, kwa kuwa gari la moshi nalo halijui Jumapili. Lakini sisi twapokezana zamu. Garimoshi laenda, mtu alala. Na sheria ya kazi ya mwaka 2007 haikumtoa nje mchungaji: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na mshahara, na kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iandikwe mkataba.

Tulimwendea mwenye ranchi kando, maana mtu haaibishwi mbele ya wageni wake. Akasema yule mzee ni kama wa nyumbani, hakosi maziwa. Kuhusu maziwa tulimsadiki. Tukamwomba, pamoja na lile daftari la ng'ombe, afungue na la watu. Alinyamaza kitambo, akasema tumletee mfano wa mkataba auone.

Tumeshamwomba Katibu apeleke habari hii kwa wenzetu wa Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, kilichoanza mwaka 1963, kwa sababu watu wa mashamba ni wao, tusije tukaambiwa twaingilia. Mzee mwenyewe ana ombi moja. Karatasi ikija, asomewe kwa Kimasai kwanza, kwani aliwahi kutia dole gumba siku za kugawa ardhi bila kujua alichokubali. Na sheria hiyo hiyo yamtaka tajiri aeleze mkataba kwa lugha anayoifahamu mtu asiyejua kusoma. Katibu ameliandika ombi hilo katika barua.

Nauli iliyobaki tumemrudishia Mtunza Hazina. Mwenye swali aulize.